Kisanduku kwenye mti: kamera za pori zinaona nini, na picha zinaenda wapi?

Unatoka shambani jioni, unafuata kanjia kadogo ka pori, na hapo kando, kwenye kimo cha goti, unakuta kisanduku cha rangi ya majani kimefungwa kwa mkanda kwenye mti. Hakitoi sauti. Kiko na kioo kidogo mbele, na ukipita ni kama kinakuangalia. Katika sehemu zetu za Ituri na Kivu ya Kaskazini, ambako watu wamepitia mambo mengi, wazo la kwanza haliwi zuri. Ni bomu? Ni watu wa dhahabu wamekuja kupima udongo? Ama ni walinzi wa hifadhi, wanataka kujua nani alipita na nyama?

Mara nyingi ni kamera ya kupiga picha za nyama wa pori, basi. Kwa Kifaransa wanaiita piège photographique, ni kusema mtego wa picha, na jina lenyewe halisaidii kitu. Mtu akisikia mtego, anauliza: unamtega nani? Swali hilo ni la haki. Leo tunaeleza hii mashine inafanya kazi namna gani, imetusaidia kujua nini juu ya pori letu, inakosea wapi, na mwenyeji yuko na haki ya kuuliza nini mbele ya kamera kufungwa kwenye pori la kijiji chake.

Inafanya kazi namna gani

Ndani ya kisanduku hakuna mtu na hakuna uchawi. Kuna kifaa kidogo kinachosikia joto. Kila mnyama mwenye damu ya moto anatoa joto ambalo jicho letu halioni. Joto hilo likipita mbele ya kifaa, tofauti na joto la majani na udongo wa nyuma yake, kamera inaamka na kupiga picha, halafu inalala tena. Kwa hiyo lazima mambo mawili yakutane: joto na mwendo. Jiwe haliiamshi. Mjusi au nyoka hupita mara nyingi bila kupigwa, kwa sababu joto la mwili wake linakaribiana na lile la udongo.

Usiku kamera inatumia mwanga ambao macho yetu hayaoni, au yanaona kama kanukta kekundu tu. Ndiyo maana picha za usiku zinatoka nyeusi na nyeupe. Picha zinawekwa katika kadi ya memwari, ile ile tunayoitia ndani ya telefone. Mapile mazuri yanaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi. Kila picha inaandikwa tarehe na saa.

Kamera nyingi zilizo ndani ya pori kubwa hazitumi kitu popote. Ziko aina zinazoweza kutuma picha kwa njia ya rezo ya telefone, lakini pale ambapo rezo haifiki lazima mtu arudi kwa miguu kuchukua kadi. Haipimi dhahabu, haioni chini ya ardhi. Lakini tuseme ukweli wote: kamera nyingi zinaweza kuchukua video na sauti pia. Watu wakisimama mbele yake na kuongea, maneno yao yanaweza kubaki mle ndani. Tutarudia jambo hilo chini.

Wazo lenyewe si la jana. Mmarekani George Shiras alikuwa anapiga picha za wanyama usiku kwa kutumia kamba: mnyama akigusa kamba, kamera inawaka. Mwaka 1906 gazeti la National Geographic lilichapisha picha zake 74. Mwindaji yeyote wa kwetu anaielewa kazi hiyo mara moja. Ni mtego wa kamba ule ule tunaoujua, isipokuwa mnyama anaendelea na safari yake.

Okapi wa Virunga

Ili kuona faida yake, twende kwa mnyama ambaye ni wa Kongo peke yake. Okapi haishi porini katika inchi nyingine yoyote ya dunia. Wazee wa Wambuti walimjua tangu zamani sana, lakini wenye elimu wa Ulaya walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1901, na mwanzoni wakafikiri ni aina ya punda milia. Kumbe ni ndugu wa twiga. Anatembea peke yake, masikio yake ni makubwa, na anakusikia mbele hujamwona. Mtu anaweza kuzaliwa na kuzeeka kando ya pori la okapi bila kumwona hata siku moja.

Katika mbuga ya Virunga ilipita karibu miaka 50 bila ushahidi wa hakika kwamba okapi bado yuko. Mwaka 2006 zilipatikana alama zake. Halafu mwaka 2008 watafiti wa shirika la ZSL la London, pamoja na ICCN, walifunga kamera katika pori la upande wa Watalinga. Kamera zikaleta picha za okapi mzima, akitembea. Zilikuwa picha za kwanza kupigwa kwa kamera za namna hiyo za okapi aliye porini.

Picha hizo zilieleza mambo mawili makubwa. La kwanza: okapi alikuwa pia upande wa mashariki wa mto Semliki, jambo ambalo mbele halikuwa na uhakika. La pili: hakuwa mmoja. Walikuwa angalau watatu. Walijuaje kwamba ni watatu, si mmoja aliyepita mara tatu? Kwa mistari. Mistari myeupe ya mapaja ya okapi ni kama alama za vidole vyetu, hakuna wawili wanaofanana. Ndivyo ilivyo pia kwa madoa ya chui.

Lakini hapo kuna jambo moja la kuangalia. Mistari ya paja la kushoto si sawa na ile ya paja la kuume. Ukiwa na picha moja ya upande wa kushoto na nyingine ya upande wa kuume, huwezi kuapa kwamba ni okapi wawili, wala kwamba ni mmoja. Ndiyo sababu pahali pengine wanafunga kamera mbili zinazotazamana, moja upande huu wa njia na nyingine upande ule.

Kwa nini kujihangaisha hivyo kwa ajili ya kuhesabu? Okapi anabeba mimba karibu miezi 14, na anazaa mtoto mmoja. Ukiua jike mmoja, pori linangojea miaka kumrudisha. Mwezi wa sita 2012, watu wenye silaha walivamia kituo cha Epulu katika eneo la Mambasa. Waliua watu, na waliua okapi wote 14 waliokuwa wanachungwa pale. Hao waliokuwa ndani ya uzio tunajua hesabu yao. Walio porini, bila kamera na bila watu wanaojua nyayo, wanaweza kuisha kimya kimya, na tukaendelea kusema bado wako.

Picha si hesabu

Hapa ndipo watu wengi wanakosea, hata wale waliosoma. Kamera ikileta picha kumi za mboloko, huwezi kusema kuna mboloko kumi. Inaweza kuwa mmoja ambaye njia yake ya kila siku inapita pale. Na kamera isipoleta picha ya tembo, huwezi kusema tembo wameisha. Pengine wamefuata matunda yaliyoiva upande mwingine wa mto.

Wanaofanya kazi hii vizuri wanahesabu kwanza usiku wa kamera. Kamera 20 zikikaa porini siku 30, hiyo ni siku 600 za kazi. Halafu wanauliza: katika siku hizo 600, nguruwe wa pori alipita mara ngapi? Mwaka unaofuata wanarudia pahali pale pale, msimu ule ule, kwa siku zile zile. Kama nguruwe alipita mara 60 na sasa anapita mara 15, kuna jambo. Kamera haikuambii ni jambo gani. Inaweza kuwa ugonjwa, nyaya za mitego, msumeno wa mbao, au mgodi mupya uliofunguliwa karibu. Hapo lazima kuuliza watu.

Jambo lingine ni pahali pa kuifunga. Ukifunga kamera zote kwenye njia za wanyama na kwenye maji ya chumvi, utapata picha nyingi za kupendeza, na utafikiri pori limejaa. Kwa hesabu ya kweli wanagawanya pori kwa mistari kwenye karte, wanafunga kamera kila baada ya umbali fulani, hata pahali ambapo hapaonekani pazuri. Picha zitakuwa chache, lakini zitasema ukweli zaidi.

Na ndege je?

Kamera ya chini inaona vizuri ndege wanaotembea: kanga, kwale, na yule ambaye ni fahari yetu, tausi wa Kongo. Huyu naye haishi porini katika inchi nyingine. Habari yake inafaa kukumbukwa. Mwaka 1913, Mmarekani James Chapin aliona hapa Ituri unyoya katika kofia ya mwenyeji, na hakuweza kujua ni wa ndege gani. Aliuchukua. Ilipita miaka 23. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren kule Ubelgiji, akaona ndege wawili waliokaushwa, wameandikiwa kwamba ni tausi wa India ambao hawajakomaa. Akakumbuka ule unyoya. Walikuwa ndege wa Kongo, na wazungu walikuwa nao kabatini bila kuwajua.

Mwenye kofia alikuwa anamjua. Jambo hilo tusilisahau tunapoongea juu ya mashine.

Leo kamera inaweza kumpiga tausi huyo akipita chini ya miti, dume mwenye rangi ya buluu na manyoya meupe yaliyosimama kichwani, jike mwenye rangi ya kahawia na mgongo wa kijani. Lakini kwa ndege wengi kamera ni kipofu. Ndege mdogo anatoa joto kidogo, manyoya yanalifunika, na anapita haraka. Wengine hawashuki chini kabisa. Kwa hao, sikio linashinda jicho. Kuna vyombo vya kurekodi sauti vinavyofungwa kwenye miti na kusikiliza asubuhi na usiku. Tausi wa Kongo mwenyewe, dume na jike wanaitikiana kwa sauti kubwa usiku wakiwa juu ya mti. Anayelala kwenye kambi ya uwindaji anaweza kumsikia mara nyingi bila kumwona hata mara moja.

Wengine wamejaribu kupandisha kamera juu ya miti. Katika pori la Lomami, watafiti walifunga kamera kwa vimo mbalimbali, kutoka chini mpaka juu, wakimtafuta kima mdogo anayeitwa inoko, ambaye anajificha sana. Katika pori hilo hilo ndimo alimotoka lesula, kima aliyeandikwa na wenye elimu mwaka 2012. Huyo naye, wawindaji na wakaaji wa kule walikuwa na jina lake tayari. Jina la mwenyeji ndilo lililobaki.

Kazi ya mikono

Kufunga kamera si kuitundika tu. Wanaoifanya wanafuata mambo haya:

Kimo. Kwa mboloko, nungu na kanga, kimo cha goti kinatosha. Ukipandisha sana, utapiga hewa.

Umbali. Metre tatu mpaka tano kutoka njia. Karibu sana, utapata sikio na mkia. Mbali sana, joto la mnyama mdogo halifiki.

Upande. Usiielekeze pale jua linapochomoza au linapotua, picha zitaungua. Ni vizuri kuielekeza kwa mshazari wa njia, ili mnyama akae muda mrefu mbele yake.

Majani. Kata tu yale yaliyo karibu na kioo. Jani lililopigwa na jua na kuchezeshwa na upepo linaweza kuamsha kamera mara elfu moja. Unarudi baada ya mwezi mmoja, kadi imejaa majani.

Unyevu na wadudu. Pori letu linaoza kila kitu. Wanatia ndani kapakiti ka kunyonya maji, na wanaangalia siafu na chungu, ambao wanapenda sana kujenga ndani ya kisanduku.

Saa. Kama tarehe na saa zimewekwa vibaya, picha zote zinapoteza nusu ya faida.

Halafu kuna tembo, ambaye akiona kitu kigeni anakigusa, anakivuta, mara anakivunja. Sokomutu naye anakuja kuangalia uso kwa uso. Hizo ndizo picha zinazochekesha watu wakati wa kuonyesha kazi.

Lakini jambo linaloshinda yote ni kujua pahali pa kwenda. Nani anajua kwamba mti fulani unatoa matunda mwezi huu, na kwamba nguruwe wanapita pale alfajiri? Ni mwindaji. Ni mama anayechota majani ya pori. Ni Mmbuti aliyejifunza nyayo toka utoto. Mgeni mwenye GPS nzuri, bila mtu wa kumwonyesha njia, atarudi na picha za mvua.

Na ikipiga mtu?

Tufike kwenye neno lenyewe. Kamera haichagui. Ikisikia joto na mwendo, inapiga. Itapiga okapi, na itapiga pia mwanamke aliyetoka kuoga mtoni, kijana aliyebeba panga, mwindaji na nyaya zake, mchimbaji, hata mtu mwenye bunduki ambaye hataki kuonekana.

Hapo watu wanagawanyika. Walinzi wa hifadhi wanasema picha ya jangili ni ushahidi mzuri, kwa nini kuitupa? Sheria ya Kongo nambari 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 juu ya kulinda mazingira inakataza kuua wanyama kama okapi, na inatia azabu. Wakaaji nao wanasema: mulituambia munahesabu wanyama, sasa munahesabu sisi? Mtu aliyetega mboloko mmoja kwa sahani ya watoto anaogopa kuwekwa kifungu kimoja na yule anayeua tembo kwa pembe.

Wote wawili wana sababu. Lakini matokeo ya kutoelewana tunayajua. Kamera inavunjwa kwa panga, ama inaibiwa. Kuiiba si faida, kwa sababu nyingi zinafungwa na namba ya siri, na aliyeiba anabaki na plastiki. Lakini kamera ikikosa, na hesabu inakosa. Na hesabu ikikosa, uamuzi juu ya pori unachukuliwa mbali, na watu ambao hawalijui.

Ndiyo sababu kabla ya kufunga hata moja, mazungumzo yafanyike kijijini, kwa luga ambayo watu wanasikia, Wambuti nao wakiwa wamekaa pale, si kuhesabiwa tu kama wabeba mizigo. Maswali ya kuuliza ni haya:

Nani ameleta kamera hizi, na ana ruhusa ya nani? Zitakaa wapi na kwa muda gani? Zinachukua picha tu, ama video na sauti? Picha ya mtu ikitokea, itafutwa ama itapelekwa kwa nani? Nani wa kijiji atafanya kazi, na atalipwa namna gani? Na mwisho, watarudi lini kutuonyesha walichoona?

Swali hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa mara nyingi zaidi. Picha zinaenda Kinshasa, zinaenda Ulaya, na mzee aliyeonyesha njia hajaona hata moja. Kumbe kuonyesha picha kwenye ukuta wa shule, jioni moja, watoto wakiita kila mnyama kwa jina la nyumbani, kunalinda kamera kuliko kufuli.

Kuna siri moja tu inayofaa kubaki siri: pahali kamili. Picha ya okapi au tembo ikitembea kwenye WhatsApp pamoja na jina la mto na alama za GPS, anayeipokea wa kwanza anaweza kuwa mwenye bunduki. Onyesha mnyama, usionyeshe njia.

Na kamera si lazima iwe ya mgeni. Tangu agizo la serkali la tarehe 2 mwezi wa nane 2014, kijiji kinaweza kuomba pori lake kama konsesio ya wenyeji, mpaka hektari 50.000, na kulisimamia kwa mpango wake. Katika mpango huo, kijiji kikiamua kwamba upande fulani wa pori upumuzishwe bila uwindaji kwa muda, kamera chache zinaweza kuonyesha kama mboloko na kanga wanarudi. Hapo mwindaji mwenyewe anapata jibu la swali lake: nyama wameenda wapi, na tukingoja, watarudi?

Ukikuta kisanduku

Basi, siku ukikikuta, usikikate. Kama hujaambiwa kitu juu ya kamera kijijini, usikiguse kabisa, kwa sababu katika sehemu zenye vita si kila kitu kigeni ni kamera. Angalia vizuri pahali, rudi, mwambie chefu wa kijiji ama kamati ya pori, waulize kama wanakijua. Kama wanakijua, pita njia yako kama kawaida. Kama hawakijui, wao ndio wa kwenda kuuliza, na wenye kamera ndio wa kujibu.